Kiti Kimetoka

Katika shule ile ya wasichana iliyokuwa mtaa wa mabanda, pembezoni mwa Nakuru, mwanafunzi mpya hakuulizwa karo, kwa maana karo haikuwepo. Aliulizwa kiti. Waanzilishi wa shule walikuwa wamepata mabati ya kuezekea, uji wa saa nne na walimu wachache wa kujitolea, lakini madawati yaliwashinda. Basi kila msichana alikuja na kiti chake cha mbao, kilichotengenezwa na mmoja wa maseremala wa kando ya barabara, na nyuma ya egemeo alipaka alama yake mwenyewe kwa rangi. Kiti hicho kilibaki shuleni miaka yote minne. Wakati wa likizo viti vilipangwa vikibebana kwenye ukuta wa nyuma, na msichana alikichukua chake siku aliyomaliza kidato cha nne.

Kutokana na desturi hiyo kulizuka usemi. Familia iliyoshindwa na kodi ya nyumba ilipohama ghafla, mzazi alipitia shuleni kuchukua kiti, kwa kuwa kilikuwa mali. Hapakuwa na kuaga. Kwa hiyo walimu hawakusema kwamba fulani ameacha shule. Walisema kiti chake kimetoka, na nafasi yake ilipewa msichana mwingine aliyekuwa akisubiri. Sikuona kosa katika utaratibu huo. Chumba kilikuwa kidogo na wenye kusubiri walikuwa wengi.

Nilifika pale mwaka 2007, nikiwa nimestaafu kufundisha fizikia. Mwalimu mkuu, mama wa makamo aliyesali kanisa moja nami, aliniomba nimsaidie siku mbili kwa wiki. Nikampa siku zote, kwa kuwa nyumbani, katika nyumba za zamani za reli alikofanyia kazi marehemu baba yangu, sikuwa na shughuli ila kusoma magazeti na kugombana nayo. Sharti langu lilikuwa moja: meza. Nilimweleza kwamba fizikia haifundishwi bila meza ya majaribio, nikalisema jambo hilo kwa ukali kuliko lilivyohitaji, naye akaitafuta meza, pana na nzito, ikawekwa mbele ya ubao pamoja na kiti changu.

Darasani nilikuwa na swali ambalo wasichana walichoka nalo upesi. Msichana akisema kwamba upepo wa ziwani unaleta homa, au kwamba maji ya moto huganda upesi kuliko ya baridi, nilimuuliza, "Umeona, ama umesikia?" Akiwa amesikia, aliketi. Haukupita muda nikasikia wakiulizana wenyewe kwenye foleni ya uji, wakiiga sauti yangu na kuvuta mashavu chini: "Huu uji uko na sukari. Umeona, ama umesikia?" Nyuma yangu waliniita Mzee Umeona. Sikulikataza jina hilo, maana halikuwa la uongo.

Msichana mmoja wa kidato cha kwanza hakuwahi kuketishwa na swali hilo. Alikuwa mtoto wa Molo, akiishi mtaani na mama yake mdogo katika chumba cha kupanga nyuma ya mashine ya kusaga unga. Siku moja nilipouliza habari za jalidi, ile barafu nyembamba ya mashambani, alisema kwamba huanguka usiku usio na mawingu, na kwamba viazi vilivyofunikwa nyasi hupona.

"Nani alikuambia?"

"Hakuna, Sir. Nikiwa kwa shosho nilikuwa naamka kufunika."

Shosho ni nyanya yake, huko Molo. Nilimwandika moyoni.

Januari ya mwaka 2008, mwezi wa ghasia za baada ya uchaguzi, sina haja ya kuisimulia. Aliyekuwa Nakuru anaikumbuka, na asiyekuwepo ameisikia kutoka kwa watu wengi mno. Itoshe kusema kwamba shule zilifungua zikiwa zimechelewa, na sisi tulipofungua lango letu tulitazama viti kabla ya kuwatazama wanafunzi. Kiti kimoja hakikuwepo. Kilikuwa kile chenye duara la rangi ya buluu mgongoni, na mwenyewe hakuja.

Siku zilipita, na siku ya Ijumaa mwalimu mkuu aliniita kando. "Kiti chake kimetoka, Mzee. Kuna msichana mwingine wa kidato cha pili, wamekimbia kwao, mama yake amekuja hapa akilia. Nimemwambia amlete Jumatatu."

"Umehakikisha kwamba huyu wetu ameondoka?"

"Kiti hakipo, na wanasema ameolewa."

"Wanaosema ni akina nani?"

Alipumua kwa nguvu. "Mzee, mimi nina shule. Sina mahakama."

Nilimwomba anipe hadi Jumatatu. Alinipa, kwa namna ya mtu anayempa mtoto kijiko achezee.

Nilianzia kwa mama aliyekaanga mandazi nje ya lango, kwa kuwa habari ya ndoa ilionekana kuchipuka hapo.

"Ameolewa huko Kamere, mwalimu," alinijibu bila kuinua macho. "Na mvuvi. Huyo sasa ni samaki asubuhi, samaki jioni." Wateja wake wakacheka.

"Ulimwona akienda?"

"Mimi? Na haya mafuta kwa moto, nitaona nani?"

"Basi ulijuaje?"

"Si watu wanasema."

Wasichana wa darasa lake walikuwa na habari tofauti. "Sir, hajaolewa. Alirudi Molo." Nikawauliza ni nani aliyekwenda Molo mwezi ule, ilhali malori yote yaliyotoka huko yalishusha watu na godoro zao mjini. Mmoja wao akanong'ona, "Hapo ametushika." Nilikwenda pia nyuma ya mashine ya kusaga unga. Chumba kilikuwa kimefungwa kwa kufuli, na jirani alijua tu kwamba mama mdogo alikuwa ameondoka kabla ya Krismasi na hakurudi.

Wa mwisho kuulizwa alikuwa mlinzi wa lango, ambaye angepaswa kuwa wa kwanza.

"Huyo? Nilimfungulia mwenyewe," alisema. "Shule ilikuwa bado imefungwa. Alikuja asubuhi akachukua kiti, akakibeba kwa kichwa, akaenda hivi, upande wa mjini."

"Alikuwa na nani?"

"Peke yake."

"Na mizigo gani?"

"Kiti tu. Hata uso sikuona vizuri, kiti kilimfunika."

"Na mbona hukusema?"

"Waliniuliza kama kiti kiko, nikasema hakiko. Hiyo ingine hakuna mtu aliniuliza, Mzee."

Nililitafakari jambo hilo usiku huo kwa utulivu. Anayekwenda kuolewa hubeba nguo. Anayekimbia safari ndefu habebi kiti cha mbao. Kiti cha kichwani hufika pale tu shingo inapoweza kukifikisha. Na upande ule wa mjini, kwa umbali ambao shingo ya msichana ingestahimili, palikuwa na mahali pamoja palipojaa watu waliokosa pa kuketi, nao ni uwanja wa maonyesho ya kilimo, ambako waliokimbia makwao walikuwa wamepewa mahema.

Jumamosi asubuhi nilikwenda. Sikuuliza mtu, maana katika umati wa namna ile kila ulizo huzaa majibu matatu. Nilitafuta kiti. Halikuwa jambo gumu kama mtu anavyoweza kudhani, kwa sababu watu wote walikuwa chini: juu ya magunia, juu ya masanduku yaliyobonyea, juu ya majani makavu, wakipepeta maharagwe na kuwasha makaa. Nilipita mstari baada ya mstari wa mahema meupe, na hatimaye nikaona mtu mmoja aliyeketi juu kuliko wenzake. Alikuwa ajuza aliyejifunga leso mbili, mguu mmoja ameunyoosha mbele kama ubao. Nilizunguka nyuma yake taratibu. Duara la buluu lilikuwepo.

"Hodi, mama."

"Karibu, baba. Ningekupa kiti, lakini ndicho hiki."

"Kaa nacho. Hicho ndicho nimekifuata."

Nilipoyatamka maneno hayo niliona nimeyapanga vibaya. Mikono yake ilishuka ikashika mbao pande zote mbili. "Umekuja kukichukua?"

"La. Mimi ni mwalimu. Namtafuta mwenyewe."

Hakuachilia mara moja. Alinieleza kwamba nyonga yake iliharibika miaka mingi iliyopita na haikunjiki. Kwamba waliposhushwa hapa kutoka Molo, kila alipoketi chini ilibidi watu wawili wamwinue, na kuna haja nyingine ambazo mtu mzima hapendi kuinuliwa kwazo. "Siku ya pili huyu mtoto akanipata. Akaniangalia, akaenda bila kusema. Akarudi na hiki."

Mtoto mwenyewe alitokea kati ya mahema na mtungi wa maji. Aliponiona aliutua chini, akasimama wima kama yuko gwarideni.

"Sir, nitakirudisha. Shosho akipata tu pahali."

"Sikuuliza kiti. Nauliza kwa nini huji shuleni."

"Kiti kilitoka, Sir."

"Nani alikufukuza?"

"Hakuna." Alikuwa akitazama mtungi. "Lakini ni mimi nilikitoa. Najua vile hufanywa."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa akisubiri kuitwa. Alikuwa ameijua desturi alipoingia langoni asubuhi ile, akauzunguka ule mrundo wa viti, akachagua. Kwa hesabu yake mwenyewe alikuwa amejiondoa shule ili nyanya yake aweze kuinuka kwa heshima, na hakuona sababu ya kuja kutusumbua na jambo lililokwisha.

"Njoo Jumatatu," nikamwambia. "Nafasi yako ipo."

Aliinua macho. Hakuwa na utani wowote usoni. "Hiyo, Sir, umeona ama umesikia?"

Ajuza alicheka hadi kiti kikalia. "Ehe, mwalimu! Jibu!"

Sikuwa nimeona wala sikuwa nimesikia. Nilichokuwa nacho ni tumaini, na tumaini halikuwemo katika swali. Nikamjibu hivyo hivyo.

"Basi njoo uone mwenyewe," niliongeza. "Kabla ya kengele."

"Na nikipata kuna mwingine?"

"Utakuwa umeona."

Jumapili baada ya ibada nilimfuata mwalimu mkuu, tukaenda pamoja hadi shuleni. Nilimweleza nilichokiona, wala sikuongeza. Akafungua mlango wa kidato cha pili, chumba kile kile walichosomea tangu kidato cha kwanza, ili nione na mimi. "Yule mwingine nimeshampa neno langu," alisema. "Siwezi kumrudisha mama yule. Na huyu hana kiti. Hata angekuwa nacho, angekiweka wapi?"

Ilikuwa kweli. Viti vilikuwa vimebanana hata magoti ya mmoja yalikuwa mgongoni mwa mwingine. Chumba chote hakikuwa na sakafu tupu ila mbele, na mbele ilijaa meza yangu. Nilijikuta nikiitazama. Nilipogeuka, mwalimu mkuu naye alikuwa akiitazama.

"Si hii ndiyo fizikia haifundishwi bila yake?" aliuliza kwa upole.

"Shika upande ule," nikasema.

Ilikuwa nzito kama nilivyokumbuka. Tuliitoa nje tukaiacha chini ya ukingo wa paa, kando ya kibanda cha mlinzi, kisha tukarudi tukavisogeza viti vyote mbele. Kiti changu nilikiweka dirishani, mahali ambapo kile cha duara la buluu kilikuwa mwaka uliotangulia.

Asubuhi ya Jumatatu msichana mpya aliletwa na mama yake. Kiti chake kilikuwa kipya, bado kinanuka vanishi, nao wenzake walimsaidia kukipenyeza mstari wa nyuma. Kengele ilikuwa bado haijalia nilipomwona yule wa duara la buluu mlangoni, viatu vimepigwa rangi, mikono mitupu. Hakuingia. Alimtazama msichana mpya, akatazama mahali palipokuwa na meza, akatazama dirishani.

"Ingia basi!" mmoja akamwita. "Unangoja nini?"

"Wacha kwanza nione," alijibu, na darasa likaangua kicheko, wakinichungulia mimi.

Nilijishughulisha na jiko la makaa. Nililiweka sakafuni mbele ya ubao, nikabandika sufuria ya maji, nikatumbukiza kipimajoto. Niliposimama tena alikuwa ameketi dirishani. Niliwaambia watoke mstari kwa mstari waje wainame, wasome wenyewe, na asiwepo wa kumwambia mwenzake namba aliyoiona. Wakaja. Nikasimama kando, nikiwa sina pa kuketi, hadi maji yakachemka.