Anayepumua Kwenye Kioo

Juzi nilikuwa kwa fundi wa kompyuta pale Mwanjelwa, akaingia mama aliyevaa nguo nyeusi, amekumbatia laptop kuukuu.

"Inazimika ovyo, kaka. Itengeneze, ila gemu usilifute."

Fundi akaiwasha. Likatokea gemu la zamani la mapanga na mazimwi, lile ambalo mchezaji huzurura nchi nzima apendavyo. Shujaa alisimama kando ya ziwa, mvua ikimnyeshea, kifua kikipanda na kushuka.

"Mama, siku hizi yapo mazuri zaidi."

"Hapo ndipo marehemu mume wangu alipomwacha. Mimi sijui kucheza. Namfungulia tu, namtazama anavyopumua."

Fundi akagusa kipanya. Mama akamdaka mkono. "Usimsogeze!"

Fundi akaurudisha mkono. Ghafla shujaa, bila kuguswa na mtu, akageuza shingo akatutazama.

Fundi akakohoa. "Wamemtengeneza hivyo, mama. Akiachwa muda mrefu, hugeuka."

"Najua," mama akasema, kisha akakiinamia kioo, akamsalimia kwa Kinyakyusa, taratibu: "Ugonile."

Wachezaji husema gemu hilo halichoshi kwa sababu dunia yake ni pana. Huenda. Mimi nilipoaga niliinamisha kichwa mara tatu: kwa fundi, kwa mama, na kwa yule wa kwenye kioo.