Sahani ya Patronne

Kwa miaka tisa Kavugho aliuza maharagwe katika depo ya Papa Kataliko, Kisangani. Akiuma punje moja tu, alijua gunia ni la mavuno ya zamani, hata mwenye lori aape kwa watakatifu wote. Ndiyo maana mzee alimruka mpwa wake mwenyewe na kumkabidhi yeye funguo za depo, awe msimamizi. "Bon, weye njo unajua kazi," alisema mbele ya wote. Wauzaji wenzake walipiga makofi, Germaine kuliko wote.

Mchana ule walikaa nyuma ya magunia, kama kawaida, kuzunguka beseni moja la ndizi za kuponda na samaki. Kavugho alinawa mikono, akaja. Kigoda chake hakikuwepo.

"Patronne, chakula yako iko kule bureau," alisema Germaine, ambaye hadi jana alimwita Kavugho tu, si bosi.

Ofisini, mezani, kulikuwa na sahani mpya iliyofunikwa kitambaa cheupe, na uma kando. Nyuma ya ukuta wa mbao wenzake walikuwa wanacheka. Kavugho alifunua. Walikuwa wamempa kichwa cha samaki, kile walichogombania kila siku kwa miaka tisa. Leo hapakuwa na mtu wa kumnyang'anya.