Uji wa Watoto wa Nguruwe

Habari zilinifikia katika mahakama ya Makadara, nikingoja kesi ya jirani itajwe: yule mama aliyefuga nguruwe nyuma ya nyumba zetu mtaani Mowlem ametutoka. Tumbo, wakasema. Niliketi pale mahakamani nimekasirika, na hadi leo sijui nilimkasirikia nani.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua siipendi harufu ya nguruwe. Lakini kwa mama huyu nilikuwa nikienda, nikiziba pua, kwa sababu nilipenda kumtazama akifanya kazi. Mtoto wa nguruwe akiachishwa ziwa tumbo lake huvurugika, akahara, akafa upesi. Wafugaji wenzake walimwaga dawa ya kuhara kwenye maji wiki baada ya wiki, hata kwa wasiougua, mpaka ikaacha kufanya kazi. Yeye alifanya vile walivyofanya kwao Machakos kwa watoto wa watu: alichachusha uji wa wimbi ndooni, akatia kijiko cha ule unga wa bakteria wazuri unaouzwa duka la dawa za mifugo, akawanywesha kidogo kidogo. Kila asubuhi, kabla hajaonja chai, aliinama bandani akikagua kinyesi chao kwa makini, kama mtu anayechambua mchele.

Jumapili moja chama chetu cha kuweka akiba kilikutana kwake. Alituacha mezani akakimbilia bandani, nguruwe mmoja alikuwa ameanza kuhara. Aliporudi alikuwa ameshika ubavu, na chakula hakukigusa. Alitafuna vidonge vya kiungulia, vile alivyozoea kununua dukani pamoja na sukari. Nikamwambia aende hospitali.

"Hao hawana mdomo," akanijibu, akionyesha bandani. "Mimi nikizidiwa, si nitasema?"

Akacheka, nasi tukacheka, tukaendelea kula.

Hakusema. Alipolazwa, uvimbe wa saratani tumboni ulikuwa umeshaenea. Na si yeye peke yake. Kuanzia mtaa wa Tassia hadi huku kwetu, kila maumivu ya tumbo tunayaita asidi, tunatafuna kidonge tukienda kazini, maana siku ya kupanga foleni hospitali ni siku bila kibarua. Inaniuma sana.

Nilipokwenda kuwapa pole, binti yake alikuwa akiwanywesha nguruwe uji ambao marehemu mwenyewe aliuchachusha kabla ya kulazwa. Walikuwa wanono, mikia mikavu, hakuna aliyehara. Ndoo ilikuwa imebaki nusu.

Kwa hiyo, msomaji wangu, ukimwona mtu wako ameshika tumbo, usingoje aseme. Mshike mkono mwende.