Baba Mkwe na Gurudumu la Kushoto

Trekta la kijiji chetu lilikuwa na magurudumu mawili makubwa nyuma, na la kushoto lilikuwa na viraka vingi kuliko suruali yangu. Hapo ni Ubaruku, katikati ya miaka ya sabini, enzi za vijiji vya ujamaa, na dereva nilikuwa mimi, Mnyakyusa wa Tukuyu niliyeacha baridi na ndizi za kwetu nikaja kwenye joto la Usangu kulima mpunga wa watu wote. Mwenyekiti wetu alikuwa na hotuba moja tu. Aliitoa mikutanoni, harusini na hata misibani, na ndani yake trekta lilikuwa linatupeleka mbele. Hakuwahi kusema tufanye nini likipata pancha.

Likapata pancha mvua za kwanza zikiwa zinakaribia. Mwiba wa mgunga ulipenya tairi ukafika mpaka kwenye tyubu. Sikujisumbua hata kuifungua, maana mara ya mwisho nilipoiziba, viraka vipya vilikuwa vinashika juu ya viraka vya zamani. Mpira wenyewe sikuuona. Nikamwambia mwenyekiti kwamba mgonjwa huyu hana dawa, atafutwe mwingine. Mbeya mjini tyubu hazikuwepo. Tukasikia Iringa zipo. Nikajitolea kwenda kwa moyo mkunjufu kiasi kwamba mwenyekiti alinisifu mbele ya watu.

Moyo wangu ulikuwa mkunjufu kwa sababu kule Iringa, pale Kalenga, kulikuwa na binti. Alikuwa amekuja Ubaruku kumsaidia dada yake aliyejifungua, akanicheka nilipozamisha trekta kwenye mfereji, nami nikampenda hapo hapo. Tulikuwa tumekubaliana. Aliporudi kwao aliniagiza niende nikaonekane kwa baba yake, kabla baba hajasikia habari zangu kwa watu wengine. Baba mwenyewe alikuwa katekista. Watu walisema hajacheka tangu abatizwe, na alibatizwa akiwa mchanga.

Najua kwa desturi mtu hutuma mshenga. Mimi nilijituma mwenyewe. Nilipoipata tyubu pale mjini, lori la kurudi lilikuwa la kesho yake, kwa hiyo nikashika njia ya Kalenga na tyubu yangu begani, imekunjwa na kufungwa kwa kamba ya katani, nzito kama mbuzi aliyelowa.

Uani nilipokewa na shangazi wa binti, mama mmoja mwenye sauti ya kanisani. Akanisalimu, kamwene, akanipokea mzigo kama mgeni yeyote anavyopokewa mzigo, akaupeleka ndani. Nikapewa kigoda mbele ya katekista mwenyewe, na togwa. Kabla sijamaliza kikombe, majirani walikuwa wameanza kuingia chumbani mmoja mmoja na kutoka wakitikisa vichwa. Kisha shangazi akasimama. Akasema nyumba hii imewahi kuletewa majembe, mablanketi na mbuzi, lakini mchumba anayeleta mpira wa ukubwa ule ni mtu mwenye fikra. Ungetoa kandambili za ukoo mzima, akasema, na kamba za kufungia mizigo ya baiskeli, na bado ungebaki.

Mahali nilipolelewa mimi, kuliko kumnyang'anya mkwe kitu alichokwisha kukipokea, ni afadhali uvue suruali mbele yake. Nikamwona akilini mwenyekiti na hotuba yake. Nikaendelea kunywa togwa.

Binti akaja na maji ya kunawa. Alipoinama aliniuliza kwa kunong'ona nimeleta nini, nikamjibu kwa kunong'ona kwamba ni tyubu ya kijiji. Akaweka beseni chini, akamgeukia baba yake.

"Baba, ule mpira si wa posa. Ni wa trekta la kijiji chao. Yeye anaogopa kukuambia."

Katekista alinitazama kuanzia viatu, akapanda taratibu mpaka nywele.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, baba."

"Kwa hiyo umekuja mikono mitupu."

"Ndiyo, baba."

Akafikiri. Kisha akasema mali ya kijiji haiposi mtu, itarudi kesho, na yeye mwenyewe ataisindikiza, ili akalione hilo trekta kama lipo. Siku zile vijana wengi walidai wanaendesha vitu.

Tulipanda lori asubuhi, yeye mbele na dereva, amevaa koti na tai, mimi nyuma na tyubu na magunia ya vitunguu. Tuliposhuka njia panda tulilala hapo, alfajiri tukaingia ndani kwa miguu. Kijijini mwenyekiti alikuja mbio na hotuba yake, lakini katekista alimkatiza kwa upole akauliza gurudumu liko wapi. Wanakijiji wengine walikuwa mashambani wakilima kwa jembe la mkono na kulitukana trekta. Nikamwomba baba akae kivulini. Akavua koti, akalikunja, akaliweka juu ya usukani.

Inabidi nieleze kazi hii ilivyo. Unaliinua trekta kwa jeki, unaweka magogo chini, unatoa upepo. Kisha unachukua mitaimbo na kuuvuta mdomo wa tairi, upande wa nje, uupandishe juu ya ukingo wa chuma, kipande kwa kipande, na mdomo huo ni mgumu kuliko mdomo wa punda aliyegoma. Unapaka sabuni ili uteleze. Unatoa tyubu kuukuu, unaingiza mpya, unarudisha mdomo ndani ukiomba mtaimbo usiibane tyubu na kuitoboa, maana hapo utaanza upya. Vifaa vyote hivyo tulikuwa navyo. Kilichokosekana kilikuwa matusi. Sijawahi kumwona mtu akifungua tairi la trekta bila kutukana. Mpira hauelewi tafadhali. Na mimi, ambaye kwa kazi hii nilikuwa natukana kwa lugha tatu, nilikuwa nimesimama na baba wa binti, mtu anayefundisha watoto Amri Kumi za Mungu.

Nikaanza kwa "samahani". Nilisema samahani kwa jeki, samahani kwa nati. Kisha nikafungua pini ya kujazia upepo, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba gurudumu lile lilikuwa na maji. Tuliyatia wenyewe, ili liwe zito lishike vizuri kwenye tope. Tundu la mwiba lilikuwa juu, kwa hiyo upepo ulitoka na maji yakabaki. Baba alikuwa ameinama aone pini inavyofanana. Maji yenye kutu na harufu ya bwawa lililokufa yalimruka, yakampata mbele ya suruali, mahali ambapo mkwe hatazami. Nikatazama mbinguni.

"Niliambiwa unaendesha trekta," alisema. "Sikuambiwa kwamba linakojoa."

Sikujua kama ni ruhusa ya kucheka. Sikucheka.

Tukaendelea. Alikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani, na alikuwa mbishi. Alitaka mitaimbo ikae karibu karibu, mimi nilitaka iachane. Tulijaribu yake tukashindwa, tukajaribu yangu tukashindwa vile vile. Jasho likalowesha tai. Mwenyekiti, aliyekuwa amesimama pembeni akitushauri, alipoombwa kushika mtaimbo mmoja alikumbuka kikao. Mdomo wa tairi ulipanda, tukatoa tyubu kuukuu, tukaingiza mpya, nikaipapasa ndani nione haijajikunja. Ikabaki kurudisha mdomo. Kipande cha mwisho ndicho shetani mwenyewe. Baba alikuwa amekanyaga mtaimbo wake kwa mguu, mimi nikasukuma wangu, wa kwake ukateleza, na kidole gumba cha mkono aliokuwa ameshikia ukingo kikabaki kati ya chuma na chuma.

Akasema neno la Kihehe. Sijui maana yake mpaka leo. Mke wangu nilipomtajia aliniuliza nimelitoa wapi, nilipomwambia akatoka nje. Lilikuwa neno refu, lenye mkia. Akalirudia, akaongeza lingine lililomhusu aliyetengeneza lile tairi na mama yake. Kisha akanitazama, kidole kiko mdomoni.

"Na wewe sema," akasema. "Utapasuka."

Nikasema. Nilianza kwa Kinyakyusa, nikapita Kisangu, nikamalizia kwa Kiswahili cha gerejini. Alisikiliza kwa makini, kama anayesikiliza mtoto akijibu katekisimu, akatikisa kichwa kukubali. Tukashika mitaimbo tena, yeye akitukana upande wake na mimi wangu, na mdomo ukaingia.

Kujaza kulikuwa kwa pampu ya mkono, kwa zamu, mpaka mabega yakafa ganzi. Tairi lilipokaa sawasawa kwenye chuma lililia paa, kama bunduki, na katekista akakimbia mpaka mferejini akiacha kiatu kimoja. Nilimpelekea. Akakivaa bila haraka, akakaa ukingoni, akasema:

"Binti yangu ana mdomo. Uliuona juzi. Atakayemwoa lazima awe mtu anayeweza kunyamaza. Wewe unaweza, lakini si sana. Tutaona."

Kwa mtu yule, "tutaona" ilikuwa ndiyo. Jioni ile nilimpandisha juu ya bawa la gurudumu, lile bati la kuzuia tope, tukalima mpaka jua likazama, yeye ameshika kofia, tope likimrukia. Aliomba kushika usukani. Nilimpa. Alituingiza kwenye shamba la mpunga la mwenyekiti, lililokuwa tayari limepandwa, na tulipolitazama nyuma yetu alisema tusimwambie mtu mpaka yeye awe amepanda lori.

Tulioana baada ya mavuno. Mwenyekiti alitoa hotuba.