Piramidi Nne na Misumari ya Shembago

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya vifaa vya shule, Lushoto, Fundi Mkuu Shembago alinirushia kipande cha mti chenye ncha. Jina lake nalitaja, maana yeye langu alilitaja bila aibu.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Hiyo nini, mgosi?"

"Paa la nyumba."

"Ni piramidi. Piramidi gani?"

Nikaikodolea macho ncha. Akanizaba kofi la kisogo. "Ncha zote zinafanana! Igeuze uone kitako. Mbuzi unamnunua kwa kutazama pembe?"

Kitako ndio upande inaokalia. Kikiwa na pembe tatu, hiyo ni piramidi ya pembetatu. Kikiwa mraba, ni ya mraba. Halafu kuna ya pembetano na ya pembesita. Mimi niliishia darasa la nne, lakini hilo halijanitoka hadi leo.

Ilikuwa enzi ya Ujamaa, kila kijiji kinataka shule na kila shule inataka zana. Nikachonga seti yangu ya kwanza, piramidi nne za mti wa mkulo, nikizipiga randa mpaka nzi anateleza. Chini ya kila kitako nikachonga jina langu kwa patasi. Mkaguzi alikuwa akija kupima kazi zetu, na mimi nilikuwa nautaka ufundi daraja la tatu kuliko nilivyotaka mke.

Shembago akayaona yale majina. "Wewe bepari? Kazi hii ni ya wote! Zipigilie kwenye ubao, walimu wanaziiba wanawekea milango."

"Fundi Mkuu, kitako kitaonekanaje?"

"Umesoma mpaka la ngapi?"

"La nne."

"Basi piga misumari."

Nikapiga.

Mkaguzi alitukuta Lukozi, kwenye shule tuliyoipelekea ile seti. Akaonyesha piramidi ya kwanza. "Ni ya aina gani?" Watoto walifundishwa vizuri kabisa: wanne wakainyanyua, wakapindua ubao mzima, wakachungulia chini.

"Mstatili!"

Ya pili? Wakapindua. "Mstatili!" Ya tatu, ya nne, mstatili. Mwalimu Mkuu akajifanya anakohoa.

Nikaona daraja langu linaondoka. Nikamwambia msichana wa mbele, "Mwanangu, acha ubao. Hesabu pembetatu za ubavuni."

Akazizunguka kwa kidole. "Tano. Kitako ni pembetano!"

Mkaguzi akafurahi. "Nani amechonga hizi? Kazi safi sana."

"Sisi," akasema Shembago.

"Na huu upuuzi wa misumari?"

"Huyu hapa." Akanitaja kwa majina yote matatu, hadi la babu.

"Mzee, chini kuna jina langu," nikasema, "tuzing'oe uone."

"Gari linaningoja," akajibu Mkaguzi, akaandika. Shembago akapandishwa, akaenda Tanga mjini. Mimi nikapelekwa Rangwi kutengeneza madawati, kisha Bulwa, masanduku ya chai, miaka yote bila daraja.

Mwaka juzi karakana ya Lushoto ilifungwa, tukastaafishwa na nguvu tunazo. Ule ubao, uliokwisha kurudishwa kutoka Lukozi, nikaukuta stoo ya karakana, nikauomba. Nyumbani nikang'oa misumari yangu mwenyewe, mmoja mmoja, mke wangu akiniuliza kama nimerukwa na akili.

Mwezi uliopita Shembago alipita kunisalimu. Akaziona zile piramidi dirishani, akachukua ile ya pembesita, akaielekeza kwenye mwanga. "Ah, piramidi zetu," akasema. "Nani vile alizichonga?"

"Igeuze uone kitako," nikamwambia.