Spika za Saruji

Haya yalinipata mimi mwenyewe. Sikusimuliwa na mtu. Nilikuwa mzima, sikuwa nimekunywa, na jua lilikuwa juu. Nalitaja jua kwa sababu watu wakisikia kisa kama hiki hudhani lazima kulikuwa na giza. Ilikuwa saa saba mchana, na nje watu walikuwa wanaanika mpunga.

Asubuhi ya siku hiyo niliondoka Kamembe bila kujua ninakokwenda. Ndivyo nilivyo. Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari, na sababu yenyewe ni kwamba dirisha la darasa lilitazama barabara. Tangu hapo nimeshona viatu, nimevua sambaza ziwani, nimetengeneza redio, na kila kazi nikishaielewa naichoka. Basi nilijaza begi, nikasimama kando ya lami, na lori tupu lililokuwa linateremka kwenda kubeba saruji likasimama.

“Unaenda wapi?” dereva akauliza.

“Mbele.”

“Mbele iko mingi, petit, mdogo wangu. Panda. Utaniambia ukiichoka.”

Niliichoka tulipofika Muganza, penye kiwanda cha saruji. Lori liliingia kwenye foleni ya malori mengine, mimi nikashuka kutafuta chakula. Nikashika njia ndogo kati ya migomba, na hapo nikasikia mwanamke anaimba.

Nisikilize vizuri sasa. Redio nimezifungua nyingi, na najua sauti ya mashine. Hata iwe safi namna gani, unasikia kwamba inatoka ndani ya sanduku. Huyu alikuwa anatoka hewani. Nilisikia anavyovuta pumzi. Nilisikia midomo yake ikiachana kabla ya neno. Nilikuwa na hakika kwamba yuko ndani ya nyumba ile ya matofali, amesimama, hatua sita kutoka kwenye mlango uliokuwa wazi. Wewe ungepita tu? Mimi nilibisha hodi.

Alitokea mzee mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Nyuma yake, chumbani, hakukuwa na mwanamke. Kulikuwa na spika mbili.

“Umemutafuta,” akasema, na alikuwa anatabasamu. “Bote banamutafutaka. Bengine banaangalia mpaka nyuma ya mlango.”

Jina lake Mzee Anselemi. Alizaliwa Bukavu, akarudi Rwanda na wazazi wake, akafanya kazi ya umeme kiwandani mpaka nywele zikawa nyeupe. Mwimbaji alikuwa mkewe, Maman Furaha, aliyefariki miaka mingi iliyopita. Kilichobaki kwake ni kaseti moja. Mzee alikuwa ametumia miaka yote hiyo kuijengea ile kaseti mahali pa kusikilizwa.

Naapa, sijawahi kuona kazi kama ile. Masanduku ya spika aliyamwaga kwa saruji, kuta zake nene kama upana wa kiganja changu, kwa sababu mbao hutetemeka na kuongeza uongo wao juu ya sauti. Umeme wa nyaya za barabarani aliukataa kwa kuwa unanguruma, akawasha amplifaya kwa betri nne za lori. Ukutani alipanga magunia ya pumba za mpunga toka sakafuni hadi darini, ili sauti isigonge na kurudi. Dirisha alikuwa ameliziba kwa matofali. Kiti kilikuwa kimoja, na miguu yake ilizama ndani ya sakafu.

“Kaa,” akaniambia.

Nilikaa. Nilikuwa na maswali mia. Alitoa kamba, akapima kutoka spika ya kushoto hadi sikio langu la kushoto, kisha ya kulia hadi la kulia. Akanisogeza kichwa kwa vidole viwili kama kinyozi, akapima tena.

“Sasa usitingishike. Muntu akitingishika kidogo, bibi yangu anasogea.”

Akabonyeza kitufe, na Maman Furaha akasimama mbele yangu. Simaanishi nilimwona. Lakini ningeweza kukuonyesha kwa kidole mahali mdomo wake ulipokuwa, na kwamba alikuwa mfupi kuliko mimi. Aliimba wimbo wa kanisani ambao kila aliyekulia kando ya ziwa letu anaujua. Kushoto kwake mwanamume aliimba sauti ya chini. Nyuma yao, kama hatua mbili, kulikuwa na msichana.

“Walikuwa kwaya moja?” nikauliza.

“Hapana. Maman alirekodi yeye peke. Ule mwanaume ni dereva, alikuja kuomba maji. Ule mutoto mwanamuke alikuwa anauzisha avoka. Balikaa pale penye unakaa.”

“Wako wapi sasa?”

“Kwa kazi yabo. Ule dereva akipita ananipigiaka honi. Muntu anaenda, sauti inabaki. Maman hakuzoeaka kuimba yeye peke, unaona? Toka utoto alikuwa mu kwaya.” Akaelekeza mkono upande wa kulia wa mkewe. “Na pale unasikia nani?”

“Sisikii mtu.”

“Ni ile sauti tu inakosa,” akasema taratibu. “Ngoja nikuletee chai.”

Akatoka na kuufunga mlango nyuma yake, ikabaki taa ndogo ya amplifaya tu.

Nilicheka. Nilidhani mzee kapungukiwa na akili kwa upweke, na nikamhurumia. Nikaendelea kusikiliza. Ubeti wa kwanza ukaisha, ukaja mahali ambapo sauti ya nne huingia peke yake, ile inayobeba wimbo mpaka kwenye kiitikio. Wote wakanyamaza. Kaseti ikawa inavuma tu, shiii, na katika mvumo ule nilisikia watu watatu wanapumua. Walikuwa wanangoja. Kisha wimbo ukaanza tena kutoka mwanzo, na hakuna mkono uliokuwa umeirudisha kaseti.

Nikainuka. Ukitoka kwenye kiti kile, kwa kanuni za sauti, mwimbaji wa katikati lazima avunjike na kukimbilia spika iliyo karibu nawe. Kila fundi anajua. Maman Furaha hakuvunjika. Nilimzunguka. Sauti yake ilipita kushoto kwangu, ikapita mgongoni, na alikuwa ananigeukia.

Nikaenda mlangoni, nikapapasa mahali pa kitasa. Hakikuwepo. Palikuwa na godoro limepigiliwa misumari, na chini yake mbao. Ndipo nilipoelewa: kila kinachotetemeka mzee alikuwa amekiondoa, na kitasa hutetemeka. Mlango ule ulifunguka kwa nje tu. Niligonga kwa ngumi, nikagonga kwa kiatu. Godoro lilikula kila pigo. Nilipaza sauti, na zile pumba za mpunga zikaimeza mbele ya mdomo wangu hata mimi mwenyewe sikuisikia vizuri. Umewahi kupiga kelele usijisikie? Omba usijue.

Nilibonyeza kitufe cha kaseti, haikusimama, nikajaribu kuzima amplifaya. Swichi haikuwepo, nayo hutetemeka. Nyaya za betri zilipita ndani ya saruji. Zilizokuwa wazi ni zile za spika, na hapo, badala ya kuzikata, nikafanya kosa la mtu aliyejifundisha redio mwenyewe. Najua kwamba ukigeuza nyaya za spika moja, ya juu ikawa chini, mwimbaji wa katikati anapotea. Nikageuza. Kweli alitoka katikati. Akawa kila mahali, nyuma ya masikio yangu, ndani ya fuvu, bila upande wala umbali, na waliposimama kungoja walipumua ndani ya kichwa changu. Nilizirudisha nyaya zile, na niliwaomba radhi. Ndiyo, niliwaomba radhi watu wa kwenye kaseti.

Sijui walirudia mara ngapi. Niliuma mkono wa shati. Nilikaa chini, nikalala kifudifudi, nikaziba masikio. Kila wakifika pale wananyamaza, na mimi najua noti inayofuata, inanijaa kooni kama chafya.

Sasa nitakuambia ambalo sikumwambia mtu. Sikuimba kwa hofu. Hofu ilikuwa imechoka na ningeweza kungoja mpaka kesho. Nilirudi kwenye kiti kwa miguu yangu, nikaweka kichwa pale mzee alipokiweka, na nikaimba kwa sababu nilitaka kusikia itakuwaje.

Ilikuwa nzuri. Niamini. Sauti yangu, ambayo mama yangu aliifananisha na ya mbuzi, ilisimama kulia kwa Maman Furaha kana kwamba mahali pale palikuwa pake tangu zamani. Haikutoka kooni. Koo lilikuwa limetulia, mdomo nilikuwa nimeshaufunga, na bado nilijisikia nikiimba kule mbele, ubeti wote, mpaka kiitikio tukaingia wanne.

Mlango ukafunguka. Mzee Anselemi alikuwa na kikombe cha chai mkononi na machozi mpaka kwenye kidevu.

“Asante, kijana yangu,” akasema. “Sasa unaweza kwenda.”

Sikunywa chai ile. Nilikimbia mpaka nikazipita turubai za mpunga, kisha nikatembea, nikipanda milima ya Gitambi huku jua linashuka. Basi nikuonye sasa hivi, kabla ya mengine: ukikuta muziki uliotengenezwa vizuri kupita kiasi, usikilize ukiwa umesimama nje. Usikubali mtu akupime masikio. Na wakikunyamazia ili uingie, kumbuka kwamba udadisi wako ndio utakaoimba.

Gitambi nilipata nyumba ya mama mmoja anayekodisha chumba cha uani. Mume wake alikuwa kazini zamu ya jioni, na hakutaka kumlaza mgeni bila yeye kujua. Akashika simu, akabonyeza kurekodi.

“Papa Aline, kuko mugeni hapa anatafuta chumba. Sema jina yako, akusikie.”

Nikasema jina.

“Unatoka wapi?”

“Kamembe.”

“Utalala siku ngapi?”

“Moja tu, Maman.”

Akatuma. Jibu la mume lilikuja, na lilikuwa na kicheko: “Unaongea na nani, weye? Minasikia weye tu.”

Yule mama akacheza ujumbe wake mwenyewe tena. Maswali yake yalikuwepo. Kuku walikuwepo, na mtoto wa jirani. Baada ya kila swali palikuwa na kimya, kirefu sawasawa na jibu langu. Tangu siku ile imekuwa hivyo kwa kila simu na kila mashine, na ndiyo maana kisa hiki umekipata kwa maandishi.

Yule mama aliifuta simu kwa kitenge. Kisha akasema simu yake ni ya zamani, akanipa ufunguo, na usiku kucha nikaona taa ya chumba chake inawaka.