Herufi za Mume Wangu

Mume wangu alikuwa mwandishi wa mabango. Kwa zaidi ya miaka ishirini alizunguka Tabora na makopo yake ya rangi na ngazi ya mbao, akiandika majina ya maduka, zahanati, saluni na makanisa. Kila herufi aliichora kwa mkono, bila rula. Asubuhi moja ya kiangazi, alipokuwa anavaa viatu, alianguka kando ya kitanda. Hospitali walisema ni kiharusi. Baada ya wiki tatu nilimrudisha nyumbani mkono wa kulia ukiwa umelala, na maneno yakimtoka moja moja.

Mimi nilikuwa nimestaafu ukarani wa shule. Nyumbani kwetu Kanyenye tulikuwa na kompyuta ya mezani ambayo binti yetu alituachia alipopata kazi Mwanza. Niliitumia kuchapa mitihani ya walimu na ratiba za mazishi. Baada ya mume wangu kuugua, siku zangu zote zikawa za namna moja. Namwogesha, nampa uji, namnyoosha vidole kama tulivyoelekezwa, nafua, napika. Baada ya chakula cha mchana alikuwa anasinzia, nami nikapata saa mbili za kukaa mbele ya kompyuta. Watu walinipa pole wakidhani nina huzuni. Huzuni ilikuwepo, lakini zaidi nilikuwa nimechoka, uchovu ule ambao unalala nao na unaamka nao.

Katika mwezi wa tatu wa ugonjwa alikuja mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wafuga nyuki wa Kwihara. Miaka ya nyuma mume wangu aliwaandikia kibao cha ghala lao. Sasa walikuwa wameanza kuuza asali kwenye chupa ndogo, na walitaka lebo.

"Tunataka ziandikwe kama kibao chetu," alisema. "Wateja wanatujua kwa yale maandishi."

"Mwenzangu hawezi tena kushika brashi," nikamwambia.

"Najua, dada. Ndiyo maana nimekuja kwako. Wewe una kompyuta."

Nilimtengenezea lebo kwa herufi zilizokuwemo kwenye mashine, nikachagua zile nilizoona nzuri, nikaweka na picha ya mzinga. Aliporudi aliitazama kwa muda mrefu akiwa ameishika mbali na macho.

"Imependeza," alisema kwa upole. "Lakini hii inaweza kuwa asali ya mtu yeyote."

Alipoondoka nilimtazama mume wangu. Alikuwa amesikia yote kutoka kwenye kiti chake. Aliugeuza uso ukutani.

Ndipo nilipoanza kukusanya herufi zake. Wifi yangu, dada yake mume wangu, ambaye analima mahindi na karanga Kwihara, alikubali kuja kumwangalia siku mbili kwa wiki. Akifika humsalimu kaka yake "Mwangaluka," na yeye humjibu Kinyamwezi bila kukwama, maana lugha ya mama yake ilimrudia kabla ya Kiswahili. Niliwaacha wakizungumza, nikatoka na simu yangu kupiga picha mabango. Nilianzia mitaa ya kwetu: duka la vitambaa, kinyozi, mashine ya kusaga. Baadhi yalikuwa yamepauka mpaka nikalazimika kumwomba mwenye duka maji na kitambaa ili nifute vumbi kwanza. A nilipata nyingi kuliko nilivyohitaji. Q niliipata kwenye kibao cha chuo cha Qurani, na mwalimu wa pale akanishikia mlango usitie kivuli.

Iliyonisumbua ni X. Maneno yetu hayana X. Siku tatu nilimuuliza mume wangu kama aliwahi kuiandika mahali, naye akatikisa kichwa. Siku ya nne, nikiwa namlisha, akasema, "Tura."

"Tura kuna nini?"

"Wageni. Nyumba... ya wageni."

Nilipanda treni mpaka Tura, nikaikuta nyumba ya wageni karibu na stesheni, imeandikwa RELAX ukutani kwa rangi ya bluu. Mama mwenye nyumba alikuwa anaanika mashuka. Aliniuliza napiga picha ya nini, nikamjibu kwamba nafuata X. Alinitazama, kisha akaniletea kiti nikae, nadhani aliona nahitaji kukaa. Treni ya kurudi ilichelewa sana, nikampigia wifi abaki na kaka yake, nikalala hapo kwake. Ulikuwa usingizi wangu wa kwanza wa usiku mzima tangu mume wangu aanguke, na nilipoamka nikajisikia vibaya kwa kuufurahia.

Binti yangu alinielekeza kwa simu namna ya kupata programu ya kuchora isiyolipiwa. Unaweka picha ya herufi chini, unafuatisha kingo zake kwa kuweka nukta, kisha unavuta mstari ujipinde pale unapotaka. Herufi ya kwanza ilinichukua siku nne. Kipanya kilikuwa kizito na kompyuta ilikuwa inaganda kila nikikuza picha, ninakaa nangoja na mikono mapajani. Wakati mwingine umeme unakatika kabla sijahifadhi, naanza upya. Ilinichukua miezi mitatu kuzimaliza zote. Baada ya hapo nikatumia programu nyingine ambayo inazikusanya herufi ulizochora ili ukibonyeza kitufe cha A kwenye kibodi, A yako ndiyo inayotokea.

Siku nilipoimaliza, nilisukuma kiti cha mume wangu mpaka mezani, nikachapa ASALI YA KWIHARA kwa herufi zake, kubwa, skrini nzima.

Alitazama. Nikasubiri.

"Siyo yangu," alisema.

"Siyo yako vipi? Nimezitoa kwenye mabango yako mwenyewe. Nimekwenda mpaka Tura!"

Akainua mkono wa kushoto, akagusa A ya kwanza ya ASALI, kisha ya pili. "Pacha," akasema. Akapumua. "A zangu... hazifanani."

Nilizima kompyuta nikaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Kesho yake nilirudi kwenye picha, na kweli. A ya mwanzo wa neno miguu yake ilikuwa mipana, ya katikati ilijibana kuipisha jirani yake. Kwenye bango zima hakukuwa na A mbili sawa. Nilikuwa nimeishi na yale maandishi miaka yote hiyo bila kuyaona.

Binti yangu alisema toleo jipya la ile programu linaweza kubeba maumbo kadhaa ya herufi moja na kuyapokezanisha lenyewe. Nikajaribu kulipakua. Likagoma, likadai mfumo mpya wa kompyuta. Mfumo mpya nao ukadai memori kubwa kuliko niliyokuwa nayo. Basi nikaifunga kompyuta kwenye khanga, nikapanda nayo bajaji kwenda kwa fundi.

Fundi huyu alikuwa rafiki wa mume wangu, mzee wa Kiislamu aliyeanza kwa kutengeneza redio kabla kompyuta hazijafika mjini kwetu. Kibao cha duka lake kiliandikwa na mume wangu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, shemeji. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anaendelea. Anakusalimu."

Aliifungua mashine, akapuliza vumbi, akatikisa kichwa. "Haijafa. Imebanwa tu. Nikuongezee memori, na hii diski inayozunguka tuitoe, tuweke ya kisasa isiyo na kitu cha kuzunguka ndani. Utaona itakavyowaka. Hii ya zamani nitaifuta, nikurudishie uwe unawekea nakala. Ila kwanza irudishe nyumbani, unakili vitu vyako vyote kwenye flashi. Nikishafuta, hakirudi kitu."

Nilinakili siku hiyohiyo. Nakumbuka vizuri nilivyofanya, kwa sababu nimeirudia kichwani mara nyingi. Mume wangu alikuwa ananiita nimpeleke msalani. Nilikamata zile alama zote zilizokuwa kwenye uso wa skrini, nikaziburuta kwenye flashi, zikaingia kwa sekunde chache. Nilifurahi zilivyoingia haraka. Sikujiuliza kazi ya miezi mitatu inawezaje kuingia haraka vile.

"Umenakili, shemeji?" fundi aliniuliza nilipomrudishia.

"Nimenakili."

Baada ya siku mbili aliniita. Kompyuta ilikuwa inawaka kabla hujamaliza kukaa kitini. Nikachomeka flashi kwa furaha, nikabonyeza folda ya herufi. Haikufunguka. Nikabonyeza nyingine. Nayo hivyohivyo. Fundi alivaa miwani, akainama kwenye skrini.

"Shemeji, hizi ni njia za mkato. Zinaonyesha tu faili lilipokuwa. Faili lenyewe halimo."

Alijilaumu kuliko nilivyojilaumu mimi. Alisema alipaswa kuchungulia flashi kabla ya kufuta. Alifunga duka siku nzima akaihangaikia ile diski ya zamani kwa programu ya kufufua mafaili. Alipata mitihani ya darasa la sita na ratiba moja ya mazishi. Herufi alipata majina yake tu, kila faili likifunguka jeupe. Nilikaa kwenye ngazi ya duka lake. Sikulia. Nilihesabu kichwani kilichobaki kufanywa nyumbani siku ile, nikaona siwezi hata kimoja.

Nyumbani nilimweleza mume wangu bila kumficha. Nilitarajia kwamba hatajali, kwa kuwa alikuwa amezikataa.

"Picha?" akauliza.

"Picha zipo kwenye simu."

"Basi." Akanyoosha kidole cha mkono wa kushoto kuelekea mezani. "Nikalishe... pale."

Nilitaka kumwambia kwamba sina nguvu, kwamba akina mama wa Kwihara wanaweza kutafuta mtu mwingine. Lakini tangu arudi kutoka hospitali hakuwa ameomba kitu chochote zaidi ya maji na kupelekwa msalani. Nikasukuma kiti.

Tukaanza tena, safari hii kwa lile toleo jipya la programu. Kila siku baada ya chakula, badala ya kusinzia, alikaa ubavuni kwangu. Kompyuta haikuganda tena, na hilo peke yake liliniondolea nusu ya mzigo. Nilipofuatisha S kama nilivyoifuatisha mara ya kwanza, kutoka kichwani kwenda chini, alinizuia. "Tumbo. Kwanza." Kumbe alikuwa anaanzia katikati, pale mstari unapogeuka, kisha anakwenda juu, kisha anarudi kushuka. Nilipofanya hivyo, S ikasimama. Kila irabu tuliipa maumbo matatu, konsonanti mawili. Yeye ndiye aliyechagua picha za kutumia, na ndiye aliyesema "nene," "vuta," "acha."

Hatukuwa na amani siku zote. Siku ya R alipiga meza kwa ngumi ya kushoto kwa sababu mguu wa herufi ulikuwa mfupi. Nikaurefusha. Akapiga tena.

"Wewe mwanamume, una kichwa kigumu!" nikamfokea. "Si ulisema urefuke? Nimeurefusha! Unataka uvuke barabara?"

Mara moja nikajishika mdomo. Tangu augue nilikuwa nazungumza naye taratibu, kama mgeni. Akanitazama, na upande mmoja wa mdomo wake ukapanda. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akapaliwa, nikampiga mgongoni, nami nikajikuta nacheka, na R tukaiacha siku hiyo.

Mara hii nilinakili kila jioni, nikaichomoa flashi, nikaipeleka kwa fundi kila Ijumaa alipotoka msikitini, aifungue kwenye mashine yake na kunithibitishia kwamba mafaili yamo. Hakuwahi kunicheka kwa hilo.

Tulipomaliza nilichapa maneno yaleyale. A zikatokea tofauti, moja imetanua miguu, nyingine imejibana. Aliangalia kwa muda, akaniambia nisogeze W kidogo kushoto, nikaisogeza. Hakusema kwamba ni yake. Hakusema kwamba siyo.

Lebo zilichapwa mjini. Mwenyekiti wa wafuga nyuki alipokuja kuzichukua, alitoa moja kwenye bahasha, akapitisha kidole gumba juu yake kama anayepima unga.

"Huyu ndiye," alisema. Kisha akaenda mpaka kwenye kiti cha mume wangu, akapiga goti kidogo, akamsalimu, akamshika mkono wa kulia, ule uliolala, sijui alisahau au hakujali.

Mkono ule haujarudi. Daktari anasema mazoezi yaendelee, nasi tunaendelea. Kazi ndogo ndogo zinakuja: kadi za harusi, kibao cha shule ya chekechea, lebo za karanga. Tunazifanya polepole, na siku nyingine hatufanyi kabisa kwa kuwa mmoja wetu hajisikii.

Wiki iliyopita nilikuwa nafunga kompyuta akanigusa bega.

"Ndogo," alisema.

"Ndogo nini?"

"Herufi ndogo. Zote."

Katika maisha yake yote hakuwahi kuandika bango kwa herufi ndogo. Hakuna ukuta wa kuzipiga picha, si Kanyenye wala Tura. Nilimuuliza atazichoraje. Akaonyesha mkono wa kushoto, kisha penseli iliyokuwa mezani.

"Tuanze lini?" nikauliza.

"Kesho."

Nikamwambia kesho ni siku ya kufua, tutaanza nikishaanika.